Nani Anasema? Karatasi za Kampuni, Historia ya Katanga, na Namna ya Kuzitaja



Kila mwaka wakati wa kudefanda ukikaribia, wadogo zetu wa historia, wa uchumi na wa sosholojia wananiletea TFC na memuari zao nizisome kabla direkta wao hajaziona. Nazisoma kwa furaha, maana ndani mna vijana wenye akili na wenye moyo wa kazi. Lakini kuna pahali pamoja ambapo karibu kila kazi inajikwaa: pale inapozungumza juu ya kampuni. Utakuta mwanafunzi anaandika kwamba shaba iliyotolewa mwaka fulani ilikuwa tani kadhaa, halafu chini ya ukurasa nota inasema neno moja tu: "Gécamines". Bon. Gécamines gani? Ripoti ya mwaka gani? Ukurasa wa ngapi? Au nota inasema "Archives", basi imekwisha. Archives za wapi, sanduku gani?

Wengi wanafikiri haya ni mambo ya koma na nukta, kitu cha kumfurahisha prof. Mimi nasema sivyo. Kwetu Katanga, kutaja vizuri karatasi ya kampuni ni jambo la historia yenyewe. Kampuni njo iliyojenga miji yetu, njo iliyoandika hesabu za baba zetu, na mara nyingi njo peke yake iliyokuwa na kalamu. Ukichukua maneno yake bila kusema ni yake, sauti ya kampuni inageuka kuwa sauti yako. Acheni nieleze kwa mifano.

1. Karani aliyesoma karatasi vizuri

Nianze mbali kidogo, kule Liverpool, mwisho wa karne ya 19. Kijana mmoja jina lake Edmund Dene Morel alikuwa karani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster, iliyobeba mizigo kati ya Antwerp na Kongo, wakati nchi ilikuwa mali ya mfalme Léopold II. Kazi yake ilimpeleka Ubelgiji mara kwa mara. Akaanza kulinganisha hesabu: meli zinazotoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu; meli zinazokwenda Kongo zimebeba sana bunduki na risasi, na bidhaa za kulipa watu ni kidogo mno. Kama watu hawalipwi, mpira unapatikana ginsi gani? Jibu lilikuwa moja: kwa nguvu.

Morel alikuwa hajakanyaga Kongo. Alichokuwa nacho ni karatasi za biashara, lakini alizisoma akijua ni za nani, za tarehe gani, na ziliandikwa kwa kusudi gani. Hesabu ya meli haikuandikwa ili kumshitaki mfalme. Iliandikwa ili mizigo ilipwe. Njo maana ilikuwa na nguvu: aliyeiandika hakuwa na sababu ya kudanganya juu ya jambo lile. Mwaka 1904 Morel akawa mmoja wa waanzilishi wa chama cha kutetea watu wa Kongo, na adui zake walishindwa kumnyamazisha kwa sababu namba zake zilikuwa na pahali zilipotoka.

Na tazameni upande wa pili. Mwaka 1908, kabla ya Léopold kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, nyaraka nyingi za utawala wake zilichomwa moto kule Brussels. Mfalme alijua thamani ya karatasi kuliko wanafunzi wetu wengi. Mtu hachomi kitu kisichokuwa na maana.

2. Jina la kampuni na mwaka wake

Sasa turudi nyumbani. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Ndani yake walikuwemo Comité Spécial du Katanga, Tanganyika Concessions ya Mwingereza Robert Williams, na Société Générale de Belgique. Shaba ya kwanza ilitoka tanuru ya Lubumbashi mwaka 1911. Kwa miaka sitini kampuni ile ilikuwa kazi, nyumba, hospitali, masomo na posho. Mwanzoni mwa 1967 serikali ya Mobutu ikachukua mali yake yote huku, ikaunda Gécomin. Miaka michache baadaye jina likawa Gécamines, tunalolijua mpaka leo. Upande wa Ubelgiji, Union Minière yenyewe haikufa: iliendelea na biashara zake, na mwaka 2001 ikajiita Umicore.

Si munaona shida? Mwanafunzi akiandika "Gécamines, ripoti ya mwaka 1928", amemtaja mtu ambaye alikuwa hajazaliwa. Msomaji anayetaka kuhakikisha atatafuta wapi? Ripoti ya 1928 ni ya Union Minière, ilisomwa mbele ya wenye hisa kule Brussels, na aliyeiandika alikuwa anazungumza na wenye hisa, hazungumzi na muzee wako aliyekuwa anasukuma gari la mawe. Ripoti ya Gécamines ya 1980 ni ya kampuni ya serikali, inazungumza na wakubwa wa Kinshasa. Ni machimbo yale yale, lakini anayesema si yule yule, wala anayesikiliza si yule yule. Katika nota, andika jina ambalo kampuni ilikuwa nalo siku ile. Ukitaka, ongeza maelezo kwamba baadaye ikawa nani.

Vile vile kwa miji. Élisabethville na Jadotville zikawa Lubumbashi na Likasi mwaka 1966. Katanga ikaitwa Shaba toka mwanzo wa miaka ya 1970 mpaka 1997, na mwaka 2015 jimbo likagawanywa vipande vinne. Kitabu kilichochapishwa Élisabethville kinabaki cha Élisabethville kwenye nota. Kulibadili jina la zamani ili lipendeze ni kumpoteza njia yule anayekuja nyuma yako.

Jambo lingine dogo ambalo linaharibu kazi nyingi: mwaka wa hesabu si mwaka wa kuchapa. Ripoti ya kazi za 1928 ilitoka 1929. Ukiandika moja bila nyingine, utakuta memuari mbili zinabishana juu ya tani, kumbe zote zinasoma ukurasa ule ule.

3. Kampuni inapojisifu, na boyi anapoandika

Mwaka 1956 Union Minière ilitimiza miaka 50 ikatoa kitabu kikubwa juu ya maisha yake, chenye picha nzuri. Mwaka uliofuata ikaanza gazeti la wafanyakazi, Mwana Shaba. Wengi wetu tumeliona hilo jina kwenye sanduku la babu. Ni hazina kweli: mna habari za masomo, mipira, ndoa, medali za kazi, namna mama alivyofundishwa kushona. Lakini ni gazeti la patron. Ukitaja kitabu cha 1956 kana kwamba ni kazi ya mwanahistoria aliyesimama kando, umemfanya mwenye harusi kuwa shahidi wa harusi yake. Nota yako lazima ionyeshe kwamba mwandishi ni kampuni yenyewe: "Union Minière du Haut-Katanga, Union Minière du Haut-Katanga 1906-1956, Bruxelles, Cuypers, 1956", halafu ukurasa. Jina linatokea mara mbili, na watu wanafikiri ni kosa la kuandika. Si kosa. La kwanza ni mwandishi, la pili ni kichwa cha kitabu. Kule kurudia tu kunamwambia msomaji: huyu anajisimulia mwenyewe.

Sasa weka pembeni yake karatasi nyingine. Mwaka 1965 André Yav, kwa jina la chama cha boyi wa zamani wa Élisabethville, aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili chetu cha Katanga, ingawa kichwa ni cha Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni karatasi chache zilizopigwa mashine. Anaeleza wazungu walivyokuja, walivyoitwa na watu, mishahara, posho, mateso na ujanja wa maisha. Mwaka 1990 Johannes Fabian akaichapa pamoja na tafsiri na maelezo, katika kitabu kinachoitwa History from Below.

Nimeona kazi ambazo zinamtaja Fabian peke yake. "Fabian anasema boyi walifanya hivi." Hapana, bandugu! Anayesema ni Yav. Fabian ametunza, ametafsiri, ameeleza, na tunamshukuru. Lakini ukiandika Fabian tu, umemfuta Mukongo aliyeshika kalamu wakati ambapo kampuni na serikali njo walikuwa na kalamu zote. Nota sawasawa ni: Yav, 1965, kichwa chake, halafu "katika" Fabian, 1990, ukurasa. Ni herufi chache tu zinaongezeka, lakini mtu mmoja anarudi katika historia.

4. Kile ambacho karatasi haisemi

Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliweka kazi chini. Vita ilikuwa imepandisha bei za vitu, na mshahara haukufuata. Tarehe 9 askari walifyatua risasi juu ya watu waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Leonard Mpoyi, msemaji wa wafanyakazi, alikuwa mmoja wa waliokufa. Ni wangapi walikufa? Hapa hesabu hazipatani: hesabu ya wakubwa ni ndogo, hesabu za watafiti zinatofautiana, na kumbukumbu ya mji inataja watu wengi zaidi.

Mwanafunzi mvivu atachagua namba moja, ataiandika bila nota, na ataendelea. Lakini hapa nota njo historia yenyewe. Ukisema "kulingana na ripoti ya utawala" umemwambia msomaji jambo. Ukisema "kulingana na wazee niliozungumza nao" umemwambia jambo lingine. Ziweke zote, kila moja na mwenyewe. Waliokufa pale hawana kaburi moja lenye majina ambalo tunaweza kwenda kuhesabu. Angalau tusiwapoteze mara ya pili kwa nota mbaya.

Mfano mwingine ni Shinkolobwe. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma zaidi ya tani 1 000 za minerai ya uranium New York, zikakaa pale Staten Island, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likazinunua kwa ajili ya bomu la atomiki. Ilikuwa siri ya vita. Atakayetafuta biashara ile kwenye karatasi ambazo kampuni ilitangaza wakati ule hatapata picha kamili, hata kama anataja kila ukurasa bila kosa. Kwa hiyo kutaja sawasawa ni pamoja na kujiuliza: karatasi hii iliruhusiwa kusema nini? Kunyamaza kwa kampuni pia ni habari, na mwanafunzi mzuri anaandika katika kazi yake kwamba pale pana kimya.

5. Tani na pesa

Sisi batoto ya Gécamines tunapenda kurudia kwamba zamani kampuni ilitoa karibu tani 476 000 za shaba kwa mwaka. Ni kweli, ni mwaka 1986. Halafu Kamoto ikabomoka mwezi wa Septemba 1990, fujo za siasa zikafuata, vipuri vikakosekana, na kufika 1994 kampuni ilikuwa imeanguka chini ya tani 50 000. Mwaka 2003 ikaja operesheni ya kuondoka kwa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatoka. Kila familia yetu inajua "hiari" ile ilikuwa na ladha gani.

Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Kila anayeandika juu ya mambo haya amtaje, na si kwenye bibliografia ya mwisho tu, bali pale pale anapotumia wazo lake. Kuazima wazo bila jina ni wizi hata kama umegeuza maneno.

Ile namba ya 476 000 nimeikuta katika memuari moja ikisema imetoka katika TFC ya mwenzake, na TFC ile inasema imetoka katika TFC nyingine. Ni kama maji yanayobebwa kwa ndoo toka mkono mpaka mkono: hakuna anayejua tena kisima kiko wapi. Kama hukuona ripoti yenyewe, sema wazi: "imetajwa na fulani". Si haya. Haya ni kujifanya umeona.

Na pesa ni hatari zaidi. Ukiandika "mshahara ulikuwa 3 000" bila kusema pesa gani, umeandika hewa. Zaïre ilikuja 1967 kwa faranga 1 000 kila moja. Zaïre mpya ilikuja 1993 kwa zaïre 3 000 000 za zamani. Faranga ya Kongo ya leo ilikuja 1998 kwa zaïre mpya 100 000. Pigeni hesabu munione. Kwa hiyo: jina la pesa, mwaka, na kama umegeuza kuwa dola, kiwango ulichotumia na ulikokitoa.

6. Kampuni za leo, karatasi za leo

Siku hizi mwanafunzi hahitaji viza ya Brussels kusoma mambo ya migodi. Mwaka 2011 serikali yetu ilitoa dekreti inayotaka mikataba ya mali ya asili itangazwe, na mingi inapatikana kwenye intaneti. Kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa zinatoa ripoti kila robo ya mwaka. Ni bahati kubwa. Lakini mutego ni ule ule wa zamani, umevaa nguo mpya.

Chukua Katanga Mining, iliyokuwa kwenye soko la hisa la Toronto na yenye machimbo yake Kolwezi. Novemba 2017 ilitangaza kwamba inasahihisha hesabu zake za miaka iliyopita, na Desemba 2018 ikapatana na tume ya Ontario inayosimamia masoko, kwa malipo ya mamilioni ya dola. Maana yake nini kwa mwanafunzi? Kwa mwaka mmoja kuna namba mbili, ya kwanza na iliyosahihishwa, na zote zimetoka kwa kampuni ile ile. Bila tarehe ya karatasi, msomaji hawezi kujua umechukua ipi.

Chukua tena ugomvi wa Gécamines na mashirika ya nje. Mwaka 2017 Carter Center ilitoa ripoti ndefu juu ya namna shaba ilivyouzwa na pesa zilivyotembea. Mwaka 2018 Gécamines ikajibu kwa maandishi yake, ikikana. Mwanafunzi anayetaja upande mmoja tu amechagua mshindi bila kusikiliza kesi. Taja wote wawili, kila mmoja kwa jina na mwaka, halafu useme wewe unaona nini na kwa nini.

7. Kwa kifupi, kwa wadogo zangu

Kila universite na fakilte ina mtindo wake wa kupanga nota, na direkta wako njo mwenye neno la mwisho juu ya koma. Mimi nawapa maswali ambayo nota yoyote lazima ijibu.

Nani anasema? Kama hakuna jina la mtu, mwandishi ni kampuni, kwa jina lake la wakati ule. Anasema lini? Mwaka wa hesabu na mwaka wa kutoka, na kwa karatasi za siku hizi, tarehe kamili. Ni karatasi ya namna gani? Ripoti ya mwaka, mkataba, barua, gazeti la kampuni, tangazo kwa waandishi: si kitu kimoja. Iko wapi? Kama ni archives, taja nyumba, fungu, namba ya sanduku na ya faili. Kama ni intaneti, anwani nzima na siku uliyoifungua, maana leo iko, kesho hawaipati tena. Ukurasa gani? Na mwisho: umeiona kwa macho yako, au umeambiwa na mwingine?

Mukizungumza na wazee wa Gécamines, nao ni chanzo kamili. Andikeni tarehe, mji, kazi aliyofanya na miaka yake kazini, na muulizeni kama jina lake liandikwe au lifichwe. Neno "mahojiano" peke yake halitoshi. Muzee aliyetumika miaka 30 kwenye tanuru hastahili heshima pungufu kuliko ripoti yenye ngozi nzuri.

Sababu ya kuwachosha na mambo haya ni hii. Archives za Union Minière ziko Brussels. Ripoti za kampuni mpya zinaandikwa kwa ajili ya wenye hisa wa Toronto, London na kwingineko. Kazi zetu za hapa, zile TFC zenye jalada la plastiki zinazokula vumbi kwenye maktaba, njo pahali pachache ambapo mambo haya yanaandikwa na watoto wa wale waliochimba. Siku moja mtu atazifungua kutafuta ukweli juu ya kifo cha babu yake, juu ya pansheni ambayo haikulipwa, juu ya mto uliogeuka rangi. Akikuta nota inayosema "Gécamines" tu, tumemfungia mlango. Akikuta jina, mwaka, sanduku na ukurasa, ataendelea na safari pale tulipoishia.

Basi, mdogo wangu, kabla ya kupeleka kazi kwa direkta, fungua ukurasa wowote wenye namba, weka kidole juu yake, ujiulize: nani anasema? Kama jibu haliko chini ya ukurasa, rudi maktaba. Bado kuna muda.